Vituo vya Shauri juu ya Sumu: Nani Atamlipa Mlinzi?

Katika kila nyumba kuna sumu. Wengine watashtuka kusikia neno hili, kwani tukitaja sumu mara moja tunawaza maadui, na yale maneno mabaya yanayosemwa kilioni. Leo nasema habari ya sumu nyingine. Ni petroli ya taa iliyotiwa katika chupa ya limonade na kuwekwa chini ya meza. Ni soda kostiki ya mama anayepika sabuni. Ni dawa ya panya, dawa ya wadudu wa shambani, na vidonge vya bibi vilivyoachwa juu ya kitanda. Mtoto wa miaka miwili hana adui. Ana kiu tu, na mkono wake unafika mezani.

Mtoto akiisha kunywa, watu wa nyumba wanafanya nini? Mmoja anakimbilia mafuta ya mawese, wa pili maziwa, wa tatu anamtia mtoto kidole kooni apate kutapika. Kila mmoja anatenda kwa upendo. Lakini aliyekunywa petroli hafai kutapishwa, kwani petroli inapopanda inaingia katika mapafu na kuyaharibu. Tena aliyekunywa soda kostiki, ikirudi juu inamwunguza koo mara ya pili. Upendo usio na maarifa unaweza kuua.

Kwa ajili hiyo watu wa inchi mbalimbali walianzisha vituo vyenye kazi moja tu: kukusanya maarifa juu ya kila sumu, na kumjibu kila anayeuliza, mchana na usiku. Ndivyo waganga wetu wanavyoviita kwa Kifaransa centres antipoison. Nataka kueleza jinsi vilivyoanza, na zaidi habari ya feza zake. Kwani kuanzisha kituo si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kumlisha mlinzi mwaka baada ya mwaka.

MWANZO WA KAZI

Baada ya vita vya pili vya dunia, viwanda vya Ulaya na Marekani vilitoa vitu vipya kwa wingi: sabuni za unga, rangi, dawa za kuua wadudu, dawa za usingizi. Vilirahisisha kazi za nyumbani, lakini vilileta hatari ambayo wazee hawakuijua. Zamani mama alizijua sumu za msituni kwa majina yake. Sasa alinunua sanduku lenye picha nzuri na jina zuri, wala hakuna aliyemwambia kuna nini ndani. Hata mganga hakujua. Mtoto aliletwa hospitali amekwisha kulegea, na sanduku mkononi mwa mama, na mganga alilisoma sanduku bila kupata lolote la kumsaidia.

Katika Ulaya, mji wa København, huko Denmark, ulitangulia. Mwaka wa 1949 daktari Carl Clemmesen alifungua katika hospitali ya Bispebjerg mahali pa kuwatunza wale waliomeza dawa nyingi za usingizi. Kabla ya hapo, kati ya wagonjwa 100 wa namna hii karibu 20 walikufa. Clemmesen na wenzake waliacha kuwapa dawa kali za kuwaamsha. Waliwalinda tu pumzi na damu, saa kwa saa, mpaka sumu itoke mwilini. Waliokufa walipungua hata kufika kama 2 tu kati ya 100. Watu wengi walijifunza hapo kwamba kukusanya wagonjwa wa namna moja mahali pamoja, mbele ya watu waliozoea, ni nusu ya dawa.

Katika Marekani kazi ilianza kwa njia nyingine. Katika hospitali ya St. Luke's, mjini Chicago, alikuwapo mtengeneza-dawa jina lake Louis Gdalman. Yeye alikuwa ameanza kuandika juu ya kadi ndogo habari za kila kitu chenye sumu: kina nini ndani, kinadhuru namna gani, na dawa yake ni nini. Hakuna serikali iliyomwagiza. Waganga waliposikia kwamba yuko mtu mwenye kadi hizo, wakaanza kumwuliza kwa simu.

Kiisha, mwaka wa 1952, chama cha waganga wa watoto cha Marekani kiliuliza waganga wake juu ya ajali za watoto. Jibu liliwashangaza: zaidi ya nusu ya ajali zile zilikuwa za watoto waliomeza vitu vyenye sumu. Basi, mwaka wa 1953, daktari Edward Press pamoja na Gdalman na hospitali kadhaa za Chicago walifungua kituo cha shauri juu ya sumu, cha kwanza katika inchi ile. Mtaji wao ulikuwa nini? Kadi, simu, na mtu aliyekubali kuamshwa usiku.

VITUO VINGI, NGUVU KIDOGO

Habari ya Chicago ilienea upesi. Kila mji ulitaka kituo chake, na kila hospitali ilitaka sifa hiyo. Mwaka wa 1957 serikali ya Marekani ilianzisha ofisi moja ya kukusanya habari za vitu vinavyotoka viwandani, ikazituma kwa kadi katika vituo vyote. Mwaka wa 1958 vituo vikaunda chama chao. Mwaka wa 1961 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kuweka juma moja kila mwaka la kuwafundisha watu kujikinga na sumu. Na mwaka wa 1970 sheria nyingine iliamuru dawa na vitu vya hatari vifungwe kwa vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Sheria hii iliokoa watoto wengi, hasa wale waliokuwa wakila aspirini ya watoto, iliyotengenezwa tamu kama pipi.

Lakini tutazame upande wa pili. Mwaka wa 1978 vituo vilihesabiwa, vikawa 661. Mtu akisikia hesabu hiyo atasema: Kazi imekwisha, watu wamelindwa! Haikuwa hivyo. Vingi kati yake vilikuwa simu moja tu katika chumba cha wagonjwa wa ghafula, na kabati la kadi kando yake. Simu ilipolia, aliyeijibu alikuwa mwuguzi mwenye mtu anayetoka damu mbele yake. Mwuguzi huyo aliulizwa juu ya sumu mara chache tu katika mwezi. Angewezaje kukumbuka? Jina la kituo liliandikwa ukutani, lakini mlinzi hakuwapo.

Waganga wenye busara waliona kosa hilo, wakatoa shauri: afadhali vituo vichache vyenye nguvu kuliko vingi visivyo na kitu. Kila kituo kilinde eneo kubwa lenye mamilioni ya watu. Kiwe na wauguzi na watengeneza-dawa waliofundishwa kazi hii peke yake, na mganga mkubwa wa kuwaongoza. Kijibu usiku kama mchana, na siku ya Noeli kama siku nyingine. Sababu yake ni rahisi. Anayejibu maswali makumi kila siku anazijua sumu kama mvuvi anavyolijua ziwa. Tena hesabu za watu wengi zikiwekwa pamoja, hatari mpya inaonekana mapema. Mtoto mmoja katika kila mji anaweza kuonekana ajali tu. Watoto 20 katika eneo moja, waliomeza kitu kilekile, ni neno la kuwaonya wote.

Nitataja jambo dogo la wakati ule lenye mafundisho. Zamani alama ya sumu ilikuwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Katika mji wa Pittsburgh alama hiyo haikuwatisha watoto, kwani timu yao ya mchezo iliitwa Maharamia, nao waliliona fuvu kuwa alama ya furaha. Basi mwaka wa 1971 daktari Richard Moriarty, wa hospitali ya watoto ya mji ule, alitoa alama nyingine: uso wa kijani wenye ulimi nje, kama wa mtu aliyeonja kitu kichungu. Tusidhani kwamba alama inayotutisha sisi wakubwa inamtisha mtoto pia. Lazima kuwauliza watoto wenyewe.

NANI ATALIPA?

Sasa tufike kwenye neno la feza. Mwaka wa 1973 Marekani iliweka sheria ya kusaidia kazi ya kuokoa wagonjwa wa ghafula, na vituo vya sumu vilipata sehemu ndani yake. Mwaka wa 1981 msaada ule ulichanganywa na mingine, ukapewa kila mkoa uutumie unavyopenda. Mikoa ilikuwa na mahitaji mengi: barabara, shule, hospitali. Kituo cha sumu hakina jengo la kuonyesha wageni wala utepe wa kukata. Basi kikasahauliwa.

Kwa nini kikasahauliwa, iwapo kila mtu alikisifu? Tafakari pamoja nami. Mama anapiga simu, mtoto wake amekula kitu. Mlinzi anamwuliza mtoto ana umri gani, uzito gani, amekula kiasi gani, na lini. Kiisha anamwambia: Usiogope, kitu hicho kwa kiasi hicho hakimdhuru, mpe maji, mwangalie mpaka jioni. Mtoto anabaki nyumbani, na mama hakulipa kitu. Hospitali nayo haikupata kitu, na kweli imekosa feza za mgonjwa ambaye hakufika. Serikali imeokoa feza, lakini haikuziona, kwani feza zisizotumika haziandikwi katika kitabu. Hivyo kila mmoja amepata faida, na kila mmoja anasema: Jirani yangu alipe. Kazi ikifanywa vizuri haionekani. Inaonekana siku inapokufa.

Ndivyo ilivyotokea katika mkoa wa Louisiana. Mwaka wa 1988 kituo cha mkoa ule kilifungwa kwa kukosa feza. Waganga walilinganisha mkoa huo na mkoa wa Alabama, uliobaki na kituo chake. Waliona kwamba watu wa Louisiana, kwa kukosa wa kumwuliza, walikwenda hospitali wenyewe kwa wingi zaidi, hata kwa mambo ambayo yangetulizwa nyumbani. Gharama ya mwaka ilizidi kwa dola zaidi ya milioni 1. Mkoa ulitaka kubana feza, ukazimwaga kwa mlango mwingine.

Kiisha, mwaka wa 1997, wataalamu wa hesabu waliandika kwamba kila dola 1 iliyotolewa kwa kituo cha sumu iliokoa dola zaidi ya 6 za matibabu. Hata hivyo vituo viliendelea kufungwa au kuunganishwa. Mwishoni Bunge lilisikia. Mwaka wa 2000 Rais Clinton alitia sahihi sheria ya kuvipa vituo msaada wa serikali kuu, na mwaka wa 2002 namba moja ya simu, isiyolipiwa, ikatumika katika inchi nzima. Mtu anapiga namba hiyo popote alipo, nayo inampeleka kwenye kituo cha eneo lake. Leo vituo vyao ni zaidi kidogo ya 50 tu, wala si 661, navyo vinajibu habari za watu kama milioni 2 kila mwaka waliopatwa na sumu au waliodhaniwa kuipata. Karibu theluthi mbili kati yao wanatunzwa hapohapo walipo, bila kwenda hospitali. Lakini hata sasa feza za serikali kuu hazitoshi. Sehemu kubwa inatoka katika mikoa na hospitali, na kila mara bajeti inapokuwa ngumu, vituo vinaanza tena kuomba.

ULAYA NA AFRIKA

Inchi nyingine zilifuata, kila moja kwa desturi yake. Kituo cha Paris kilianza mwaka wa 1959 katika hospitali ya Fernand Widal. Kile cha London kilianza mwaka wa 1963 katika hospitali ya Guy's. Ubelgiji pia ulipata kituo chake mjini Bruxelles katika miaka ile ya 1960, kimoja kwa inchi nzima.

Afrika nayo haikukaa bure. Chuo kikuu cha Ain Shams, mjini Cairo, kilifungua kituo mwaka wa 1981. Moroko ilifungua chake mjini Rabat mwaka wa 1989, chini ya wizara ya afya. Kituo hiki cha Rabat kinatufaa sana kama mfano. Kilianza kuhesabu kwa uvumilivu sumu zote za inchi. Hesabu ilionyesha nini? Iliyowapata watu wengi kupita zote haikutoka kiwandani. Ilikuwa sumu ya nge, anayeuma watu wa vijijini, na waliokufa walikuwa hasa watoto. Basi waganga na wauguzi wa mashambani walifundishwa namna moja ya kutunza walioumwa, na vifo vikapungua. Kumbe kituo si anasa ya watu wa miji mikubwa. Kinahesabu taabu za wanyonge, na taabu iliyohesabiwa haifichiki tena.

Hata hivyo, Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba inchi zenye kituo cha namna hii hazifiki nusu ya inchi za dunia. Nyingi zisizo nacho ni maskini.

HABARI ZA KARIBU NASI

Labda msomaji atasema: Mambo hayo ni ya mbali. Nitaeleza mawili ya karibu.

Mwaka wa 2007, katika Cacuaco, karibu na Luanda, huko Angola, watu walianza kusinzia mchana, kuyumbayumba kama walevi, na kusema bila kueleweka. Wengi walikuwa watoto. Wagonjwa walizidi 400. Watu waliogopa, wala hakuna aliyejua sababu. Damu yao ilipopimwa katika maabara za Ulaya, ilionekana bromidi. Chumvi ya kiwandani, isiyo ya kuliwa, ilikuwa imeingia majikoni mahali pa chumvi ya chakula. Nyeupe kama chumvi, ya unga kama chumvi. Mama aliitia mbogani kwa moyo mweupe.

La pili lilitokea kwetu Ituri. Kuanzia Desemba 2014 wagonjwa walifika katika vyumba vya waganga na shingo zilizopinda, nyuso zilizokazana, ndimi nje. Kwanza walidhaniwa wana ugonjwa wa uti wa mgongo, ule unaoitwa meningite. Majirani wengine, tunajua, hawakukosa kutaja mashetani. Ukweli ulikuwa mwingine. Vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani yake, dawa kali ya wagonjwa wa akili. Watu walipewa kwa homa na maumivu, na watoto wadogo waliumia zaidi. Ilipofika Agosti 2015, wagonjwa 1029 walikuwa wamepokewa, na 11 kati yao walikufa. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa onyo lake Julai 2015, miezi saba baada ya wagonjwa wa kwanza.

Miezi saba! Katika miezi hiyo kopo lilikuwa sokoni, na kila mgonjwa alionekana peke yake. Mwuguzi wa kijiji hiki aliona mmoja, wa kijiji kile wawili. Hii ndiyo kazi ya kituo cha eneo: kuunganisha kile alichokiona mmoja na kile walichokiona wengine, kabla kilio hakijazidi.

DINARI MBILI

Sote tunaujua mfano wa Msamaria mwema. Tunakumbuka mafuta na divai aliyotia katika vidonda, na punda aliyempandisha yule maskini. Mara nyingi tunasahau mwisho wake. Kesho yake alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa na zaidi atakaporudi. Bwana wetu hakuacha neno la feza nje ya mfano wake. Msamaria alijua kwamba huruma ya siku moja haitoshi. Lazima mtu abaki na mgonjwa, na mtu huyo lazima alipwe. Yule mwenye nyumba ya wageni ndiye mlinzi wetu wa simu.

Inchi yetu ina zone za afya zaidi ya 500, na nyingi ziko mbali na hospitali kubwa kwa siku za safari. Hatuwezi kuiga Marekani. Lakini tuangalie tena mwanzo wa Chicago: kadi, simu, na mtu mwaminifu. Ofisi ya afya ya jimbo la Kanisa inaweza kuchagua mwuguzi mmoja, kumpa mafundisho na vitabu, na kuwapa namba yake wauguzi wote wa misioni. Mahali ambapo simu haifiki, bado iko fonie. Kila hospitali ya eneo iweke akiba ya dawa chache zinazoshinda sumu, kama atropini kwa waliopatwa na dawa kali za wadudu. Kila aliyepatwa na sumu aandikwe, na hesabu zikusanywe kila mwezi.

Na feza? Historia imetufundisha mambo mawili. Kwanza, msaada wa mfadhili mmoja ni kama mvua ya siku moja: unaotesha mbegu, hauivishi mavuno. Kwa hiyo wengi walipe kidogo kidogo, yaani serikali, majimbo ya Kanisa, makampuni yanayouza dawa za shamba, na vyama vya afya ambavyo watu wetu wanatolea mchango wa mwaka. Pili, tuandike faida tangu siku ya kwanza: wangapi waliuliza, wangapi walitunzwa nyumbani bila gharama, wangapi waliokolewa. Kazi isiyoandikwa, wakubwa wataikata kwanza.

Nasi makatekista na wazazi tusingoje. Leo jioni chupa ya petroli iondolewe chini ya meza, isitiwe tena katika chupa ya kinywaji. Soda kostiki iwekwe juu, mahali pa kufunga. Vidonge vya sokoni visivyojulikana visinunuliwe. Mtu akimeza sumu, asitapishwe ovyo. Apelekwe upesi kwa mwuguzi pamoja na chupa yenyewe au sanduku lenyewe, kwani hapo ndipo jibu lilipo.

Sumu hailali. Basi na awepo mtu asiyelala kwa ajili ya watoto wetu, nasi tusimwache akeshe na njaa.